Mitende ya kustahimili baridi: kuichagua, kuipanda na kuivusha salama hadi majira ya machipuko

Mtende (hapa ni mti wowote wa jamii ya minazi na mitende, si ule wa tende peke yake) una kilele kimoja. Miti mingi ikikatwa kichwa huchipua ubavuni, lakini shina la mtende halina chipukizi la akiba. Makuti yote yatakayotoka mwaka huu na miaka mingi ijayo yanatengenezwa na kipande kidogo cha nyama nyeupe, laini, kilichofichika katikati ya vikonyo. Kipande hicho kikiganda au kikioza, mti umekufa, ingawa makuti ya nje yanaweza kubaki ya kijani kwa wiki kadhaa na kumdanganya mwenye bustani. Ni jamii chache tu, zile zinazoota kwa vichaka, zinazoweza kuchipua upya kutoka chini.

Kwa hiyo anayetaka kuotesha mitende mahali penye jalidi na theluji afikirie kilele kabla ya kitu kingine chochote. Adui mkubwa wa kilele ni maji yakikutana na baridi. Usiku mmoja wa -9°C juu ya mti uliokomaa ambao kilele chake ni kikavu mara nyingi hupita bila madhara. Lakini wiki tatu za mvua na theluji kwenye -3°C, maji yakituama katikati ya makuti, yakiganda usiku na kuyeyuka mchana, huchana tishu na kuwapa nafasi kuvu na bakteria. Watu husema mti umeuawa na baridi, kumbe umeoza.

Namba za baridi zisomwe kwa uangalifu

Ukinunua mche utaambiwa unastahimili -15°C au -18°C. Namba hiyo ni ya mti mzima, ulioshika ardhini kwa miaka, mkavu, kwa saa chache za usiku, baada ya majira mazuri ya joto. Mche mdogo wa aina hiyohiyo unaweza kufa kabla baridi haijafika hata karibu na hapo. Ramani za kanda za baridi za Wizara ya Kilimo ya Marekani, ambazo hata vitalu vya Ulaya huzitumia, zina msaada wake: kanda ya 8 ni mahali ambapo wastani wa baridi kali kuliko zote za mwaka huangukia kati ya -12.2°C na -6.7°C, na kanda ya 7 hushuka hadi -17.8°C. Hazikuambii, hata hivyo, baridi hiyo hukaa siku ngapi, mvua hunyesha msimu gani, wala majira ya joto yana joto kiasi gani. Siku kumi mfululizo bila joto kupanda juu ya sifuri zinatisha kuliko usiku mmoja mkali, kwa sababu baridi huzama polepole kwenye shina na udongo mpaka ifike ndani kabisa.

Aina ipi?

Anayeanza aanze na Trachycarpus fortunei. Asili yake ni China, ambako kwa karne nyingi watu wamevuna vilifu vyake, ule wavu wa nyuzi za kahawia unaofunika shina, wakasokotea kamba na kutengenezea mifagio na makoti ya mvua. Philipp Franz von Siebold, daktari na mtaalamu wa mimea Mjerumani, aliupeleka Ulaya mwaka 1830, na Robert Fortune, mkusanyaji mimea wa Uskoti ambaye jina la mti linamkumbuka, akapeleka miche Uingereza mwaka 1849 baada ya kuuona kwenye kisiwa cha Zhoushan. Mti mzima huvumilia takriban -15°C. Ubora wake mkubwa, ambao wauzaji wengi hawautaji, ni kwamba unakua hata pale ambapo majira ya joto ni ya ubaridi na mawingu, kwa hiyo unaweza kuziba majeraha ya majira ya baridi kila mwaka. Udhaifu wake ni upepo: makuti mapana huchanika na kubaki kama matambara. Mahali pa upepo panda ndugu yake, Trachycarpus wagnerianus, mwenye makuti madogo, magumu, na ustahimilivu wa baridi usiopishana sana.

Chamaerops humilis wa pwani za Mediterania huota kwa kichaka na kufika -10°C hivi ukiwa mkavu. Lipo umbo la milima ya Atlas, Moroko, lenye makuti ya rangi ya fedha, zuri sana kwenye kokoto na jua. Vaa glavu, vikonyo vina miiba.

Kwa baridi tupu hakuna anayemshinda Rhapidophyllum hystrix wa kusini-mashariki mwa Marekani. Huvumilia -20°C. Sabal minor, jirani yake, yuko karibu naye, maana shina lake hukaa chini ya ardhi na kilele hulindwa na udongo wenyewe. Lakini wote wawili wanadai majira marefu ya joto kali. Ukiwapanda mahali ambapo mchana wa Julai haufiki nyuzi 25 mara kwa mara, watatoa kuti moja kwa mwaka, pengine lisitoke hata hilo, na kila kuti lililoungua litakuwa hasara isiyolipwa. Hapa ndipo wengi hupotea: wanatazama namba ya baridi na kusahau kwamba mtende hujiponya kwa joto.

Ukitaka makuti ya mtindo wa unyoya, kama ya mnazi, kuna Butia odorata wa kusini mwa Brazili na Uruguay, na Jubaea chilensis wa Chile. Wote hufika -10°C hivi wakishakomaa. Jubaea anataka subira ya miaka mingi kabla hujaliona shina. Washingtonia filifera na Brahea armata ni mitende ya majangwa: huvumilia -8°C kwenye ukavu na huoza kwenye baridi nyepesi zaidi kukiwa na mvua. Phoenix canariensis uachie bustani za pwani ambako jalidi ni ya kupita tu.

Tahadhari moja kabla ya kulipa: Cordyline australis na Cycas revoluta huuzwa kwa jina la mitende, nayo si mitende. Cordyline aliyeungua mpaka chini mara nyingi huchipua tena, kwa hiyo usichukue uzoefu wake ukaufanya kanuni ya mtende halisi.

Kitaluni, chagua mti wenye shina nene chini kuliko mrefu juu, wa chungu cha lita 10 hadi 15 angalau. Shika kuti changa la katikati, lile ambalo bado limejifunga, ulivute taratibu. Likiwa imara, vizuri. Likicheza au likichomoka, uache mti hapohapo. Uliza kama mti umelala nje majira ya baridi yaliyopita. Uliotoka kwenye banda la joto uzoeshwe nje kwa wiki mbili, kwanza kivulini, maana hata jua huunguza makuti yaliyolelewa chini ya kioo.

Mahali na udongo

Baridi huteremka kama maji na kutuama bondeni. Kwa hiyo sehemu ya chini kabisa ya bustani, au nyuma ya ukuta unaozuia hewa isiendelee kushuka, ndiyo mbaya kuliko zote. Mahali bora ni karibu na ukuta unaotazama jua la mchana (kusini kwa walio kaskazini ya ikweta, kaskazini kwa walio kusini), mita 1 hadi 1.5 kutoka ukutani ili makuti yapate nafasi. Ukuta hunywa joto mchana na kulitoa usiku. Hakikisha tu paa halimwagi maji juu ya mti. Matawi ya mti mkubwa yaliyotanda juu husaidia pia usiku wa anga wazi, kwa kuwa hupunguza joto linalopotea kutoka ardhini.

Kisha pima jinsi udongo unavyopitisha maji, usikisie. Chimba shimo la sentimita 30 kwenda chini, lijaze maji, liache likauke, lijaze tena, kisha simamisha rula. Maji yakishuka sentimita 2 au 3 kwa saa, panda hapo. Yakiwa bado yamo kesho yake, usichimbe shimo la kupandia, jenga tuta.

Tuta liwe na kimo cha sentimita 30 hadi 40 na upana wa mita 1.5 au zaidi. Mchanganyiko unaofaa ni sehemu tatu za udongo wa juu wa hapohapo, sehemu mbili za changarawe za milimita 5 hadi 10, na sehemu moja ya mboji iliyokomaa. Kuna makosa mawili ambayo hurudiwa kila mwaka. La kwanza ni kumwaga mchanga laini kwenye udongo wa mfinyanzi: chembe za mfinyanzi hujaza nafasi zote kati ya chembe za mchanga, na matokeo yake ni kitu kigumu kama tofali. La pili ni kutandika kokoto chini ya shimo ili "maji yapite". Maji hayatoki kwenye udongo laini kuingia kwenye kokoto mpaka udongo wa juu ulowe kabisa, kwa hiyo kokoto hizo zinayasogeza maji karibu na mizizi badala ya kuyaondoa.

Kupanda

Panda mwishoni mwa majira ya machipuko, Mei au mwanzo wa Juni upande wa kaskazini, Novemba upande wa kusini (miezi mingine inayotajwa hapa ni ya kaskazini). Mizizi ya mtende hukua vizuri udongo ukiwa na joto, na mti unahitaji miezi minne au mitano ya kushika kabla ya jalidi ya kwanza. Ukiupanda Oktoba kwa sababu bei imeshuka, unaulaza kwenye udongo baridi na mizizi iliyosinzia.

Shimo liwe na upana mara mbili au tatu ya bonge la mizizi, na kina sawa na bonge lenyewe, si zaidi. Toa mti kwenye chungu bila kuichambua mizizi. Mizizi ya mtende si ya kukatwakatwa. Ya Sabal ikikatwa hufa yote, na mti hulazimika kutoa mipya kutoka tako la shina. Simamisha mti ili udongo ufike palepale ulipofika chunguni. Mtende uliozamishwa sana hukosa hewa mizizini, makuti mapya hutoka ya manjano, na hali hiyo inaweza kuchukua mwaka mzima kujionyesha. Rudisha udongo kwa awamu, ushindilie kwa mikono, mwagilia lita 20, kisha tandaza gome la miti au majani makavu unene wa sentimita 8, ukiacha sentimita 10 wazi kuzunguka shina.

Majira mawili ya kwanza ya joto mwagilia lita 10 hadi 20 mara mbili kwa wiki kusiponyesha, chini, kamwe si kileleni. Kuanzia Septemba punguza.

Mbolea iwe ya polepole, yenye potasiamu nyingi kuliko fosforasi. Uwiano wa 8-2-12 (nitrojeni, fosforasi na potasiamu) pamoja na asilimia 4 ya magnesiamu ndio uliothibitika kwa mitende. Tumia gramu 70 hivi kwa kila mita ya mraba ya eneo lililo chini ya makuti, mara moja udongo ukishapata joto na mara nyingine katikati ya majira ya joto. Usitie tena ndani ya wiki nane kabla ya jalidi. Makuti yatakueleza kinachokosekana. Makuti ya zamani yenye madoa ya manjano au rangi ya chungwa na ncha zilizokauka yanalilia potasiamu. Ukingo mpana wa manjano na katikati ya kijani ni magnesiamu. Makuti mapya yanayotoka yamekunjamana na dhaifu, hasa kwenye udongo wa chokaa, ni manganizi. Usikate kuti la zamani kwa sababu tu limebadilika rangi: mti unanyonya potasiamu kutoka humo kuipeleka juu, na ukilikata, mti utahamia kwenye kuti linalofuata.

Kuuvusha majira ya baridi

Usifunike mapema. Trachycarpus mzima ulioshika hauhitaji kufunikwa mpaka utabiri useme -10°C au siku kadhaa za jalidi isiyoachia. Wa umri mdogo ufunike kuanzia -5°C. Chamaerops na Butia wachanga wafunikwe kwenye -4°C. Kinachotakiwa kufanyika mapema, mwishoni mwa Oktoba siku kavu, ni kunyunyiza dawa ya ukungu yenye shaba kileleni na kuongeza matandazo juu ya mizizi hadi sentimita 15 au 20.

Baridi kali ikitangazwa:

1. Hakikisha kilele ni kikavu. Kukiwa na mvua, kinga kwanza kwa kipande cha plastiki ngumu au ubao juu ya mti kwa siku mbili.
2. Inua makuti taratibu na uyafunge pamoja kwa kamba laini, kuanzia chini kwenda juu. Kuti changa la katikati lisibanwe wala kupindwa.
3. Zungushia shina na kilele waya wa taa ndogo za mapambo, zile za balbu za zamani zinazopata joto. Taa za LED hazitoi joto la kutosha. Waya uwe wa kutumika nje, na uunganishe na themostati inayowasha joto likishuka hadi nyuzi 2.
4. Funga kitambaa chepesi cheupe kinachopitisha hewa, tabaka mbili au tatu. Kisiguse balbu.
5. Juu kabisa weka kofia ya kuzuia maji, iliyo wazi pembeni.

Plastiki ya kubana mti mzima ni hatari. Mvuke hujikusanya ndani, hushuka kileleni, na jua la saa mbili hupasha joto tishu ambazo usiku zitaganda upya. Kwa sababu hiyohiyo, mchana ukipanda juu ya nyuzi 5 kwa siku mbili tatu, fungua kabisa mti upumue. Mti uliofungwa Novemba na kufunguliwa Machi mara nyingi hufunguliwa ukiwa umekufa.

Theluji kavu ipanguse kwa mkono. Makuti yaliyoganda yasiguswe, huvunjika. Subiri yayeyuke yenyewe, na usimwage maji ya moto.

Mti wa chunguni una shida yake, kwa kuwa mizizi haina ustahimilivu wa makuti na udongo wa chungu huganda pande zote. Uhamishie mahali pasipo na kipasha joto lakini penye mwanga, kati ya nyuzi 0 na 8, na umwagilie kidogo tu udongo usikauke kabisa.

Kukagua na kuokoa

Makuti kuwa ya kahawia mwezi Machi si habari mbaya peke yake. Kinachoamua ni kuti changa. Chukua kalamu ya wino usiofutika, chora mstari mmoja unaopita kwenye kuti changa na kwenye kikonyo cha jirani yake, ukiwa umenyooka. Baada ya wiki mbili za hali ya hewa yenye joto, tazama: kipande cha mstari kilicho kwenye kuti changa kikiwa kimepanda juu ya kile cha jirani, hata kwa milimita chache, kilele ki hai na kinasukuma. Visipoachana mpaka mwisho wa Mei, livute taratibu.

Likichomoka na ncha yake ni ya kahawia, laini, yenye harufu ya uozo, anza kazi siku hiyohiyo. Toa uchafu wote unaotoka kwa urahisi na futa kwa kitambaa. Mimina haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3 ndani ya tundu. Itatoa povu pale penye uozo. Acha dakika kumi, kausha, rudia kila baada ya siku mbili tatu mpaka povu liishe. Kisha acha siku kadhaa zipite ndipo utie dawa yenye shaba. Vitu hivi viwili visichanganywe. Zuia mvua isiingie tunduni, na usikate kuti lolote lenye kijani, maana ndilo linalolisha mti wakati huu.

Uozo ukiendelea kushuka, kuna hatua moja iliyobaki: kata sehemu ya juu ya shina kwa msumeno safi, vipande vyembamba vya sentimita moja moja, mpaka uone tishu nyeupe, ngumu. Usiende hata kipande kimoja zaidi, kwa sababu kilele chenyewe hakiko mbali. Makuti ya kwanza kutoka huwa mafupi, yaliyokatika ncha au kujikunja, na hilo ni la kawaida. Usiung'oe mti kabla ya mwisho wa Agosti. Trachycarpus na Butia wanajulikana kwa kurudi wakati mwenyewe ameshakata tamaa.

Wadudu na mbegu

Kusini mwa Ulaya, na sasa hata kaskazini zaidi, nondo wa Paysandisia archon kutoka Amerika Kusini hutaga mayai kwenye Trachycarpus na Chamaerops, na viwavi wake huchimba kuelekea kileleni. Dalili ni matundu yaliyojipanga kwenye mstari kuti linapofunguka, na unga kama wa mbao kwenye vilifu. Nematodi (minyoo wadogo sana) wa Steinernema carpocapsae, wanaoua viwavi, hunyunyiziwa kileleni jioni, joto likiwa juu ya nyuzi 12, vilifu vikiwa vimelowa.

Trachycarpus huwa dume au jike, na wakiwa pamoja huzaa mbegu nyingi ambazo ndege huzisambaza. Katika jimbo la Ticino, Uswisi, umeingia misituni, na tangu Septemba 2024 nchi hiyo imepiga marufuku kuuuza. Aliye nao karibu na msitu akate mashada ya maua kila mwaka yakiwa bado ya manjano, kabla matunda hayajageuka kuwa ya buluu iliyoiva, na yaliyokwisha kuzaa ayatie kwenye mfuko wa taka, si kwenye rundo la mboji.